Transista Iliyokunywa Chai

Jumatatu, 4 Machi
Tak! Birika la umeme likijizima. Mlio huo umeniganda masikioni tangu asubuhi, kwa sababu ulipolia ndipo mkondo ulipopanda kwenye skrini. Transista yangu, swichi ndogo ya umeme iliyochapwa kwa wino tu juu ya plastiki, ilipitisha umeme mara nane ya zile za zamani. Profesa akapiga meza: binti, umeua! Anasema ni muundo: nimepunguza pengo kati ya vituo viwili, umeme unapoingilia na unapotokea, nimebadilisha na kizio, lile tabaka jembamba lisilopitisha umeme. Ijumaa anaitangaza mkutanoni. Jina langu ndilo litakalotangulia.

Mama nimemwambia kwa simu. Shangazi wote wameshajua.

Jumanne, 5 Machi
Transista ileile. Mkondo mdogo, wa kunuka! Nikasafisha sindano za kupimia. Wapi.

Mwenzangu wa meza ya pili — tunamwita Babu, kwa upara tu — akacheka: haijanywa chai hiyo, dada. Akawasha birika. Linakaa hapohapo kwenye meza ya vipimo; soketi nyingine zote mbovu.

Mkondo ukapanda.

Babu akaacha kucheka.

Jumatano, 6 Machi
Nimeifungia kwenye boksi lenye chembe za kukaushia. Mkondo umeshuka. Nimeitoa, nikaipulizia pumzi. Umepanda. Basi. Kizio kipya kinafyonza unyevu, na unyevu ndio unaopandisha mkondo. Kikiwa kikavu, pengo dogo linanipa mara mbili. Mbili ya kweli — ajabu, naipenda.

Nilimweleza Profesa akifunga begi la safari ya mkutano. Alinisikiliza vizuri, sikatai. Kisha: kwani huko ukumbini kuna jangwa? Tuwape nane, mbili tutaieleza baadaye. Akaniachia faili la slaidi za mkutano nirekebishe rangi za grafu. Atalifungua akifika, hana muda wa kulikagua.

Mama kapiga tena. Anataka kujua hicho kitu kinaitwaje, watu wanamuuliza.

Alhamisi, 7 Machi
Rangi nimerekebisha. Grafu pia. Mbili iko katikati, kubwa. Nane nimeiweka pembeni, na chini yake nimeandika: karibu na birika linalochemka. Babu alisoma akichungulia nyuma ya bega langu, akasema mama yangu weee, akaenda kusimama mlangoni.

Nimelituma saa nne. Kwa Profesa, na kwa waandaaji wa mkutano, barua pepe moja, ili kila mmoja aone mwenzake kapata.

Simu inaita. Ni Profesa. Birika nimelichomoa.