Maji ya Shangazi Suzana

Cheyo, Tabora
8 Oktoba

Kaka Vedasto,

Shikamoo. Upande wa kulia wa uso wangu ulilala tarehe tisa Julai na hadi leo haujaamka. Naanza na hilo ili usidhani nimeandika kukujulia hali tu, ingawa hali yako naiulizia, na ya watoto pia. Sisi huku tunakula na kulala. Mimi jicho moja halifumbi, nalala nimelibandika plasta.

Unajua ilivyokuwa. Tulikuwa Ipole tukijiandaa kuingia msituni kurina asali, na shangazi Suzana akajaza maji kinywani akanipulizia usoni kunibariki, kama anavyombariki kila mrina asali wa ukoo wetu. Usiku ule kipupwe kilikuwa cha kukata masikio. Asubuhi nanywa uji, uji unatokea pembeni mwa mdomo. Nikasema nipelekwe hospitali. Wewe ukasema hospitali haina dawa ya mkono wa mtu, na mwenye mkono ukamtaja mbele ya wote: shangazi. Ukanipakia kwenye pikipiki hadi kwa mganga wako, nikachanjwa shavu na kupakwa masizi, wiki mbili nzima.

Daktari wa hapa mjini alipoziona chale aliuliza kwanza ni za lini. Kisha akasema mshipa wa fahamu wa uso ulikuwa umevimba, na vidonge vyake hufaa zaidi vikianza ndani ya siku tatu. Akasema pia wagonjwa wa namna hii huwapata wengi miezi ya baridi, ingawa kwa nini hasa, hawajamaliza kujua. Mimi sikusoma kupita darasa la saba, duka langu la asali limesimama kwa kuhesabu, basi nikahesabu. Kwenye benchi la mazoezi ya uso tulikuwa tisa. Saba tuliugua kati ya Juni na Agosti. Mzee Masolwa, dereva wa lori wa Nzega, nilipomsimulia habari zako aliuliza kama shangazi huyo ana tangi, maana maji ya kutufikia wote si ya kinywa kimoja. Tulicheka, kila mtu kwa upande aliobakiwa nao.

Wateja nikiwachekea wanadhani nawabetulia mdomo. Hilo ningelimeza. Lakini nimesikia umeitisha kikao cha ukoo Jumapili, umtoe shangazi kwenye kiwanja cha babu, na mizinga yake ya nyuki uichukue wewe.

Sasa sikiliza. Mkeo Julieth alifika kwangu Jumatatu, usimtafute kwingine. Amenieleza kwamba Julai ya mwaka juzi, ule mwezi uliotuambia uko Igalula kwenye biashara ya karanga, ulikuwa umejificha hapahapa mjini kwa rafiki yako, mdomo umekwenda upande. Siku ileile ulikimbilia hospitali, ukameza vidonge, ukapona. Hakuna aliyekupulizia maji, kaka. Hospitali uliijua, dawa uliijua, mimi ukanipeleka kuchanjwa.

Wasalimie watoto, uwaambie mama yao ni mzima. Shangazi nitamsalimia mwenyewe Jumapili, kwa sababu kikaoni nitakuja na uso huu, na Julieth atakaa pembeni yangu.

Kabla ya hapo nijibu kwa kinywa chako, si kwa kumtuma mtu: ulipomtaja shangazi, ulijua kwamba ni ugonjwa uleule uliokupata wewe? Ndiyo au hapana. Simu yangu iko wazi hadi Jumamosi saa sita mchana.

Mdogo wako,
Apolinaria