Ndoa Yangu Bila Pagne ya Familia

Butembo, Dimanche, siku ya misa, usiku.

Mvua imeanza asubuyi na mpaka sasa haijachoka. Hapa kwetu Vulamba barabara ni matope tu, viatu vyangu viko mulangoni vinakauka, na mimi niko kitandani na miguu ya baridi. Nimechoka, kusema kweli. Mais sijashindwa, na nataka kuandika mbele ya usingizi kunikamata.

Leo nimekata pagne: kitenge ya sare ku ndoa yangu, hakuna tena.

Kwa benye hawanijue: niko Kavira, ninauzisha mbegu na dawa ya shamba mu kaduka kadogo. Nitaolewa na Kasereka, yeye eko déclarant ku mupaka ya Kasindi, anajaziaka batu karatasi za duane, za forodha. Papa na mama walikufa zamani. Donc mahari ilipokelewa na Papa Mbusa, mudogo ya papa, na ni yeye prezidenti ya komite ya ndoa. Ni mutu mwema. Ni mutu wa kelele pia.

Nieleze vile bajeti yetu ilikuwa. Chakula ilipatikana, vinywaji ilipatikana nusu, kanisa haisumbue. Kitu kilitushinda ni salle, ukumbi wa sherehe. Papa Mbusa akasema tusijali, pagne itailipa.

Njo vile tunafanyaka huku. Komite inachagua pagne moja ya familia, inainunua kwa bei ya mupaka, inaiuzisha kwa bashangazi, babinamu na bajirani kwa bei ya juu, na faida inaingia mu ndoa. Mutu anakuja kukufurahia, kumbe ameshajilipia kiti anachokalia. Hakuna anayeona ubaya. Na mimi sikuona.

Ile pagne niliichagua mimi mwenyewe. Ya kijani, na ndege za manjano. Kasereka alinitumia foto kutoka Kasindi, nikawa naiangalia hata wakati mukiliya amesimama mbele yangu anangoja mbegu za kabichi.

Vendredi, juzi, nikaenda Beni kupeleka mualiko kwa Tantine Masika, dada mukubwa ya papa. Nilipobakia yatima ni yeye alinichukua, akanilea mpaka nikamaliza masomo. Wakati ule alikuwa na shamba ya kakao. Alikimbia vita, akaiacha, na sasa anapanga nyumba Beni pamoja na badada zake na bajukuu, anauzisha ndizi ku barabara. Mu familia yetu, siku ya ndoa, ni shangazi mukubwa njo anashikaka binti mukono na kumupeleka kwa batu ya bwana. Sijawahi kuwaza mutu mwingine kwa ile kazi.

Alipangusa mikono ku kitambaa, akapokea karatasi, akasoma polepole na kidole. Kisha akasema, "Kavira mama, magoti haitaniachilia nifike Butembo. Nitakuombea nikiwa huku."

Nikaaga, nikatoka. 

Muke ya mutoto wake akanisindikiza mpaka kwa bamotard, benye pikipiki. Njiani akasimama. "Dada, magoti haina kitu. Jana alibeba ndizi ku kichwa kutoka soko. Ni pagne. Kuinunua na kuishonesha, ni makuta yote, ile feza ya masomo ya batoto." Akanieleza kama ku ndoa ya binamu mumoja, wale bila pagne walikalishwa nyuma, karibu na mulango wa jikoni, na sahani ziliwafikia mwisho. Tantine alikuwa kati yao. Alirudi Beni bila kulalamika, mais alisema hatarudia.

Nikageuka, nikarudi ndani. Nikamuambia Tantine yake nitailipa mimi.

Akaniangalia vile alikuwa ananiangalia nikiwa mudogo na nimesema kijinga. "Na badada zangu? Niende mimi na ndege zako za manjano, bao babakie hapa kuchunga nyumba? Hapana, mama."

Mu taxi ya kurudi sikusemesha mutu. Nilikasirika juu yake, kisha juu ya Papa Mbusa, na tulipofika Butembo hasira yote ilikuwa juu yangu. Nilipigia Kasereka. Akasema pagne ile kule Kasindi haifike hata nusu ya bei ya komite, alifikiri ninajua.

Nilijua.

Basi leo, tulipotoka misa, komite ikakaa mu salon ya Papa Mbusa, Kasereka naye akiwemo. Chai ilikuwa moto, mikate ilikuwa mingi, kila mutu alikuwa na roho nzuri. Nikasimama nikasema pagne tunaiacha, kila mutu avale nguo yenye eko nayo.

"Na salle utailipa na nini?" Papa Mbusa akauliza. "Na mbegu za kabichi?"

Batu bakacheka. Akangoja bamalize, kisha akanipa habari yenye sikuijua: avance ya salle, malipo ya mwanzo, alishaitoa, jana, na makuta ya wale walioshalipa pagne. Mwenye salle harudishi avance. Donc nikikata pagne, salle imekwenda, avance imekwenda, na batu bako na haki ya kudai makuta yao.

Nikaenda jikoni, nikalia pembeni ya mufuko wa makaa. Sio kwa ajili ya Tantine, niseme ukweli. Niliililia salle. Niliitamani sana. Niliona foto ya viti vyake vyeupe na ile taa kubwa ya katikati, na nilishajiona nimekaa chini yake, nimependeza, na wale walioniita kayatima wananiangalia.

Nilipopangusa macho nikakumbuka makuta ya robe.

Robe yangu ya harusi inatoka Kampala, niliiona kwa mama mumoja mwenye duka ku centre, katikati ya muji, nikamuomba aniwekee. Makuta yake niliyaweka pembeni kila mara balimaji ba Musienene bakishuka kununua mbegu. Hakuna aliyenisaidia. Ile makuta iko kamili, ingali mu sanduku yangu, na inatosha kuwarudishia batu makuta yao.

Nikarudi mu salon. Nikasema deni ya pagne nitailipa mimi, robe nitakodi, na sherehe itafanyika hapa hapa ku parcelle, mu kiwanja ya nyumba hii, chini ya bâche, turubai kubwa. Cortège, musafara ya magari, tunaikata. Gâteau, keki ya ndoa, itakuwa ya ghorofa moja. Viazi na maharagi tutanunua Musienene siku ya soko, sio hapa muji.

Papa Mbusa akasimama. Safari hii hakuna aliyecheka. "Batatucheka, Kavira. Batasema Mbusa alishindwa kuoza binti ya kaka yake."

Hapo njo nilimuelewa. Siku zote nilifikiri anapenda makuu. Kumbe anaogopa marehemu papa yangu. Sauti yangu ikashuka. Nikamuambia, "Papa, bacheke. Mais Tantine Masika akikosa, ni nani atanishika mukono?"

 Kasereka, aliyekuwa kimya tangu mwanzo mpaka nikaanza kumuchukia, akasema bâche ataitafuta yeye.

Papa Mbusa akaangalia inje, kwenye mvua. "Hii parcelle ni matope matupu," akasema. "Kama ni hapa, lazima nilete gravier, mawe madogo ya kumwaga."

Kwa yeye, ile ni baraka.

Nilipofika nyumbani nikapigia Tantine. Nikamueleza yote. Kisha nikasikia anaita badada zake, "Mukuje musikie." Nikarudilia tangu mwanzo. Hakuna pagne. Hakuna viti vya nyuma. Mumoja wao akauliza kwa mbali, "Hata nguo ya misa?" Nikasema hata nguo ya misa.

"Na sombe nani anapika?" Tantine akauliza.

Nikasema mwenye kupika ile majani ya muhogo bado hatujapanga.

"Basi mutu asiiguse. Mercredi tuko kwako, sisi bote."

Akakata bila kuaga, kama kawaida yake, aokoe unité za simu. Nikabakia na simu ku sikio, ninacheka peke yangu, na machozi inashuka.

Kesho, mbele ya kufungua duka, nitapita kwa yule mama wa centre. Robe yangu ingali imetundikwa pale na jina yangu juu. Nitamuambia aipe mwingine. Sitatuma mutu, na sitaandika message. Nitaenda mwenyewe, nisimame mbele yake, niiangalie mara moja.

Nitalia tena? Inaweza. Nikimaliza kulia nitafungua duka saa yake na nitauzisha mbegu mpaka jioni, kwa sababu tangu mercredi, siku tatu tu toka leo, niko na bashangazi wa kulisha, na hao hatukuwatia mu bajeti hata kidogo.