Gari Halikunikataa Mimi

Jumanne, Kigoma. Mvua nyembamba tangu alfajiri, nami nimeamka na hasira ambayo sina haraka ya kuiacha.

Asubuhi hii gari la jirani lilikataa kuwaka. Vijana walilisukuma hadi barabarani, likakohoa, likazima. Mke wake, aliyekwisha kuvaa kwa safari, akavua viatu na kusema gari limekataa, basi Mungu hataki. Nilimwambia avivae tena, amwite fundi kwanza. Akanitazama kama mtu aliyekufuru.

Sijakufuru. Nalijua tu neno hilo. Nusura liyachukue maisha yangu.

Ilikuwa mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wanatutawala. Baba alikuwa na mitumbwi mikubwa ya kupeleka chumvi na nguo Kazimia na kurudi na samaki, kisha akanunua kamioneti, gari dogo la mizigo, kuukuu, kwa mlowezi aliyekuwa akirudi kwao. Dereva alikuwa binamu yangu Ramazani. Mimi nilikuwa niende Fizi, nikakae kwa mama mdogo, kwa sababu huko darasa la wasichana lilikuwa limefunguliwa. Baba alikubali shingo upande. Dada yake, Shangazi Zaina, hakukubali kabisa. Yeye alikuwa na mchumba wa kunipa, mchuuzi wa samaki wa Kazimia, mwenye umri wa kunizaa.

Mara mbili sanduku langu lilipakiwa alfajiri. Mara mbili injini iliwaka, ikapumua kidogo, ikazima, na Ramazani akazungusha manivela, ule mkono wa chuma wa kuwashia, mpaka shati likamganda mgongoni. Ilipokubali tena, jua lilikuwa limepanda na Shangazi alikwisha kulishusha sanduku.

"Gari imekataa huyu mutoto," alisema. "Munataka Mungu aseme na kinywa gani ingine?"

Baba akaamua tujaribu Jumamosi, mara ya mwisho. Likikataa, wageni wa Kazimia waje kuniposa.

Nililia kidogo. Kisha nikaanza kuangalia.

Ramazani alilaumu baridi. Aliifunika injini kwa mkeka, akakausha buji za kutoa cheche juu ya makaa. Lakini Fizi iko juu, na usiku wake una baridi kuliko wetu wa ziwani, naye alilala huko mara nyingi. Nikamuuliza kule gari hufanyaje.

"Kule? Inawaka kama kiberiti."

"Unailazaka wapi?"

"Kwa uwanja ya duka, pale sawasawa. We unataka kuwa mekanisie?"

Kwetu halikulala pahali sawasawa. Watu wa ziwani hulaza chombo kichwa nchi kavu, mkia majini. Chombo kinachoelekeza kichwa majini usiku, wazee wetu walisema, kinataka kumkimbia mwenyewe. Basi kila jioni Baba aliamuru kamioneti ilazwe vivyo hivyo kwenye mteremko wa ua wetu, pua juu, mkia ziwani. Hakuna aliyeona ajabu. Hata mimi, mpaka wiki ile.

Tangi lilikuwa nyuma, injini mbele. Nilikuwa nimemwona Ramazani akivuta petroli kwa mpira kutoka kwenye pipa: ukiinua ncha ya mpira, petroli iliyomo hurudi chini. Sisi tulikuwa tunaiinua ncha usiku kucha! Asubuhi gari liliwaka kwa kile kidogo kilichobaki karibu na injini. Kikiisha, bomba zima lilikuwa tupu, mpaka manivela ivute upya. Baadaye sana nilisoma kwamba pampu ina vali ya kuzuia petroli isirudi. Yetu bila shaka ilikuwa imechoka. Wakati ule sikujua jina la vali. Nilijua tu kwamba siye Mungu aliyekataa.

Ijumaa jioni nilimwambia Baba, mbele ya watu wote, kwamba gari ligeuzwe, pua ielekee ziwani.

"Sikieni!" Shangazi akapiga makofi. "Mutoto wa juzi anafundisha baba yake kulaza chombo!"

"Nani alikuambia hiyo maneno?" Baba akauliza.

"Hakuna, Baba. Gari si mutumbwi. Petroli inarudiaka nyuma kwa tangi."

Alinitazama muda mrefu. Sikuinamisha macho, na kwetu msichana huinamisha.

"Mugeuze," akamwambia Ramazani. "Lakini we, ikikataa kesho, maneno ya masomo isitoke tena mu kinywa yako."

Wakaligeuza, wakaweka mawe mbele ya magurudumu.

Alfajiri manivela ikazunguka. Injini ikawaka, ikapumua. Ikafika pale ilipozoea kuzima. Ramazani alikuwa ameinua mkono, kama mtu anayemzuia mwingine asiseme.

Ikaendelea.

Nikapanda, na sanduku langu nikaliweka mapajani, asije mtu akalishusha.

"Si kitu," Shangazi akasema, ameshika mlango. "Tutatafuta sababu ingine."

"Mutafute, Shangazi. Mutanikuta darasani."

Baba naye alikuja nasi. Tukaanza kupanda milima. Kisha, bila kugeuka, akauliza: "Na mitumbwi nayo tuigeuze?"

"Hapana, Baba. Mutumbwi haina tangi."

Akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa neno langu.

Tangu hapo nimesoma vitabu vingi, na vita vimenivusha ziwa. Nimeishi ng'ambo hii miaka mingi kuliko nilivyoishi ile. Yapo yaliyonikataa kweli, na Baraka ni moja. Hilo silipambi kwa maneno.

Lakini najiuliza ni mangapi mengine tuliyaita kukataliwa, na hakuna aliyeinama kuangalia chini yake.

Mimi nitainama, hata kama mgongo hautaki.