Vijiti Vyako Vilipoacha Kusogea

Mke wangu Mwanaidi,

Nina kosa la kusahihisha, nami nalisahihisha hadharani kwa sababu nililitenda hadharani.

Ilikuwa masika yetu ya mwisho bondeni. Soko huria lilikuwa limeingia. Mitumba ilifika Kibiti kwa marobota, na shule mpya ya watu binafsi ilitafuta mwalimu wa Kiingereza. Niliitaka kazi ile, nayo ilikuwa na mtihani. Nilipanda na madaftari kwenye dungu, kibanda chetu cha miguu mirefu shambani, nikakariri maneno magumu ya Kiingereza ya kudhoofika na kufifia: wane, dwindle, languish. Kila neno nililitungia sentensi tatu. Jioni ulinishikia daftari, ukifuata herufi kwa kidole ili nisikudanganye.

“Wazungu wana maneno mangapi ya kupungua, Mwalimu?”

“Mengi.”

“Basi wana shida hao. Sisi maji yakipungua tunapanda mahindi.”

Kazi yako ilikuwa vijiti. Mto uliofurika ulipoanza kupungua, kila asubuhi ulikwenda mpaka ukingo wa maji, ukachomeka kijiti na kukifunga kitambaa chekundu ulichokichana kutoka blauzi ya mtumba. Nyasi zilificha maji, lakini nikiwa juu niliona vitambaa vikienda mbali. Vikifika kwenye mkuyu, tungepanda mahindi ya mlau, yanayoota kwa unyevu unaoachwa na mafuriko.

Kisha vitambaa viliacha kusogea. Kila siku kiliongezeka kimoja, palepale. Nilikuuliza kwa nini maji hayatoki.

“Yatatoka tu,” ulisema, ukakaa kwenye ngazi. Nikarudi kwenye daftari.

Jirani yetu Bi Somoe alipita na jembe begani, akacheka. “He, Mwalimu! Wenzio mahindi yameota, wewe wangoja maji gani?”

Nilishuka, nikavipita vijiti vyako vyote, nikaupita na mkuyu. Udongo ulikuwa umekauka mpaka umepasuka. Nilirudi nikakuambia mbele yake, “Huu ni uvivu.” Ulishika nguzo ya dungu, ukatazama chini.

Baadaye, nilipokupeleka hospitali, daktari wa Utete ndiye aliyeniambia kwamba moyo wako ulikuwa mgonjwa kwa miezi kadhaa. Nilikuuliza kitandani kwa nini hukusema.

“Una mtihani,” ulijibu.

Hukuyasubiri matokeo. Nilifaulu, maneno yale yaliulizwa, nikayapata yote. Nilifundisha pale mpaka nikastaafu. Kila mwaka, tulipofika kwenye maneno hayo, sikuwapa wanafunzi sentensi zangu. Niliwaagiza wamtazame mtu mmoja wa nyumbani kwa wiki nzima, kisha waandike ni kitu gani ameacha kukifanya. Wengine walilalamika kwamba hicho si Kiingereza. Sikubadilisha.

Juzi nilikwenda kwa Bi Somoe, kwa kuwa ndiye aliyesikia. Nilimsomea barua hii mpaka hapa. Alisema, “Umechelewa, Mwalimu. Kama mahindi yako.”

Ni kweli. Hata hivyo naandika: hukuwa mvivu, Mwanaidi. Ulikuwa mgonjwa, na kila asubuhi ulikwenda mpaka pale ulipoweza, ukachomeka kijiti.

Lala kwa amani ya Mola wako.

Mumeo,
Baba Zuhura