Duara Kwenye Shamba la Nyanya

Alhamisi, 31 Julai 2025

Nimefika nyumbani na mashine. Hakikuvunjika kitu, japo barabara ya kutoka Kilosa mjini imetutikisa hadi meno. Mama kaizunguka, kaniuliza inakula nini. Inakula jua, Mama, ina betri. Akaguna. Tayari kaipa jina – mdudu.

Mdudu wangu anatembea mwenyewe kati ya matuta. Anachoma udongo kwa kijiti cha chuma kwenye shina la kila mche, anapima, halafu anadondosha mbolea kulingana na njaa ya pale. Udongo wenye njaa – taa ya kijani. Ulioshiba – taa nyekundu, anapita bila kutoa kitu. Mwisho anachora ramani ya shamba kwenye simu. Frank, bosi wangu wa mradi, anaitaka ramani hiyo kwa ajili ya banda letu la maonyesho ya wakulima ya Nanenane kule Morogoro. Alipouliza nani ana shamba halisi la nyanya, nikanyoosha mkono. Shamba la mama! Juu kidogo ya Mto Mkondoa, njia ya Kidete. Nani Kilosa hajui nyanya za Bi Filomena?

Jioni Mama akasema: pale katikati usimpeleke. Kuna nini katikati? Hakuna kitu. Pameshiba tu.

Nikacheka – Mama kapima udongo kabla ya mashine! Yeye hakucheka.

Jumamosi, 2 Agosti

Kazi imeanza. Matuta ya juu kijani, kijani, kijani. Nikajisikia kama nimezaa.

Tukafika katikati – nyekundu. Mche unaofuata, nyekundu. Nikajua sensa, kile kijiti cha kupimia, imeshika uchafu. Nikaifuta, nikafunga ya akiba. Nyekundu tupu. Naitrojeni imezidi, chumvi imezidi, kama vile kuna mtu kamwaga malori ya samadi. Mama hajanunua samadi maishani mwake.

Na miche ya pale! Minene, majani yamekolea hadi yanaelekea weusi, nyanya kama ngumi. Nikachuma moja, nikaifuta kwenye gauni, nikauma. Mama alikuwa mlangoni. Akaniita kwa ukali – Hildegarda! – jina zima, kana kwamba nimekanyaga nyoka. Nikatema. Hizo ni za kuuza, anasema. Kwa nini, Mama? Ni za kuuza tu.

Sasa nakumbuka. Hatukuwahi kula nyanya za katikati. Si mimi, si mdogo wangu Loveth. Miaka yote nilidhani ni kwa sababu ndizo nzuri.

Baadaye tukiwa tunachambua mchicha, Mama akainua kichwa. Umesikia? Nikasikia kweli – kengele ya ng'ombe, karibu kabisa, upande wa shambani. Nikatoka. Hakuna ng'ombe. Hata vumbi hakuna.

Jumapili, 3 Agosti

Misa. Watu wakapanga foleni ya komunyo, Mama akabaki kwenye benchi, macho chini. Nimejaribu kukumbuka ni lini nilimwona akikomunika. Sikumbuki.

Jumatatu, 4 Agosti

Ramani imekamilika.

Si doa. Ni duara. Duara jekundu katikati ya shamba letu, limezunguka sawasawa kama mtu kafunga kamba kwenye kigingi akalichora. Kandokando yake vidoa vidogo vimepangana. Upande wa mtoni pana uwazi, kama mlango. Udongo haujipangi hivyo wenyewe!

Nilikuwa bado nimeikodolea macho, nikasikia kengele. Safari hii ng'ombe wapo, wengi, na nyuma yao Mmasai wa makamo, shuka la bluu, fimbo begani. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaomba kupita kwenda kunywesha mtoni. Anaitwa Sironga. Yeye na jamaa zake wamekaa Lindi miaka mingi, mwaka huu wamerudi, mama yake mzee yupo Kimamba. Akaiangalia mashine, akataka kujua inafanya nini. Mimi na majigambo yangu nikamwonyesha simu.

Akaweka kidole kwenye ramani, taratibu, kama anagusa kidonda. Hapa ng'ombe walilala. Hapa nyumba ya mama yangu. Hapa nyumba ya mke mdogo. Hapa mlango.

"Huyu mdudu kamuuliza nani?"

Nikamwambia haulizi mtu, anapima udongo tu, na mavi ya ng'ombe hukaa ardhini miaka na miaka.

"Basi na moto umeonekana humo?"

Sikuelewa. Akanieleza, bila kupandisha sauti. Mwaka ule wa ugomvi wa wakulima na wafugaji, wanaume walikuja asubuhi na mienge wakachoma boma. Watu wakakimbia kila mmoja upande wake. Walipokutana tena ng'ambo ya reli, mdogo wake hayupo. Mtoto wa kike, Seleina. Alikuwa ndiyo kwanza anajua kufukuza ndama. Mama yao alirudi kumtafuta, akabisha hodi nyumba hadi nyumba.

"Binti, wewe ni wa hapa. Hujawahi kusikia habari ya mtoto?"

Nikamwambia hapana, baba. Nilisema kweli, nilivyodhani. Akaniachia namba yake.

Nilipogeuka, Mama alikuwa nyuma yangu na ndoo tupu. Sijui alisimama pale tangu lini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekufa.

Jumanne, 5 Agosti

Sijampelekea Frank ramani. Nimempigia nikasema sensa ina hitilafu. Yeye akacheka – ati kalibrisha, ipime upya, tunahitaji picha kali!

Mama amesema. Hatukuwa tunagombana. Alikuwa anapepeta mchele, akaanza tu, kana kwamba anaendeleza mazungumzo ya jana.

Baba alikuwemo. Marehemu baba yangu Bonifas, aliyenibeba mabegani kwenda kuona treni. Alishika mwenge kama wenzake, na baadaye alipewa eneo lile alime. Asubuhi ile Mama alikwenda mtoni kuteka maji, akakuta mtoto kajikunyata kwenye matete, nywele zimeungua upande mmoja. Halii. Anamtazama tu.

"Nilikuwa nimemzika Imani mwezi ule," Mama akasema. "Maziwa bado yananidondoka."

Imani, mdogo wangu aliyekufa mchanga. Na hapo nikajua kabla hajamaliza. Loveth! Loveth, tuliyeambiwa ni mtoto wa shangazi wa Ruaha, aliyekuja kwetu mimi nikiwa darasa la tatu, haongei, analala chini ya kitanda. Shangazi wa Ruaha hakuwa na mtoto. Shangazi wa Ruaha hakuwahi kuwepo.

Nikauliza: na yule mama alipobisha hodi?

Mchele ukaacha kurushwa.

"Alisimama hapo mlangoni. Miguu ina malengelenge. Nikamwambia sijaona mtoto. Akanishukuru, Hilda. Akanishukuru, akaenda zake."

Baada ya hapo akaniomba. Akifa ndipo niseme, si sasa. Alinishika kifundo cha mkono, vidole baridi kama vyuma. Sikumwahidi. Sikumkatalia pia.

Nimekwenda shambani kuzima mashine. Nimetembea nje ya duara. Sikuweza kukanyaga ndani – mimi, msomi wa udongo!

Jumatano, 6 Agosti

Sijafanya kazi. Mama hajala. Kengele tena saa za adhuhuri. Safari hii hakuna aliyetoka kuangalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilisahau kwamba mashine inatuma data ofisini yenyewe ikipata mtandao. Yaani nilisahau kabisa! Asubuhi Frank kanitumia picha ya banda: bango kubwa kuliko mlango, na juu yake duara letu jekundu. Chini yake: SHAMBA LA BI FILOMENA, KILOSA. UDONGO UNASEMA. Anasema watu wanajazana kulitazama, na kaliweka kwenye ukurasa wa mradi pia. Hongera Hilda, umetutoa kimasomaso!

Nimekaa chini palepale, juu ya mfuko wa mbolea.

Haikupita muda, simu. Loveth. Ana mgahawa wake Mikumi, pale yanapoegeshwa malori. Nyuma yake nilisikia vyombo na mtu anadai supu.

"Dada, hiyo picha ni shamba la nyumbani?"

Ndiyo.

Vyombo vikaendelea kugongana.

"Kuna mtu amekuja kuuliza?"

Nilitaka kusema kuuliza nini. Nilitaka kumdanganya kidogo tu, nipate siku moja. Nikasema ndiyo. Anaitwa Sironga.

Nikamsikia anavuta pumzi. Akamwambia mtu: supu subiri. Akarudi kwangu.

"Mwite. Kesho nafika. Na Mama mwambie nakuja, asikimbie."

Nimempigia Sironga. Sikumweleza kitu, nimesema njoo kesho na mama yako. Hakuuliza kwa nini. Alisema jambo kwa lugha yao, si kwangu, kwa mtu aliyekuwa karibu naye, na huko nikasikia sauti ya kike nyembamba ikiuliza neno lilelile mara kwa mara.

Mama nimemwambia. Akasema sawa. Akaenda kufagia uwanja, akafagia hadi udongo mwekundu ukatokeza.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu. Redio ya jirani inarusha hotuba za wakulima.

Loveth kafika mapema na bodaboda, kilemba cha kazini bado kichwani. Akamwamkia Mama, shikamoo, akapiga goti kama siku zote. Mama akashindwa kuitikia. Loveth akangoja palepale chini. Mwishowe marahaba ikatoka, ndogo, kisha Mama akaingia chumbani.

Tukaenda shambani wawili. Akaiomba simu. Hakuhitaji maelezo. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kidoa kilicho pembeni mwa uwazi.

"Hapa walilala ndama. Kulikuwa na mmoja mwenye sikio lililopasuka."

Nikamuuliza: ulijua tangu lini?

"Sikuwahi kusahau, dada. Ninyi ndio mlidhani mtoto husahau."

Kwa nini hukusema! Nimempigia kelele, nakumbuka nimempigia kelele, kama vile kosa ni lake. Akavunja jani la nyanya, akalinusa.

"Ningesema, ningeenda wapi? Mama alinilisha kwa mkono wake. Baba alinilipia shule. Na sikujua kama ndugu zangu wako hai." Akalitupa lile jani. "Siku ile mama aliyenizaa alipokuja kuuliza, nilikuwa chini ya kitanda. Niliijua sauti. Mama yetu huyu alikuwa ameniambia nikitoka nitaungua tena. Basi sikutoka. Niliisikia ikisema asante, ikaenda."

Nikamshika, naye akaniacha nimshike, mwili mgumu kama ubao.

Sasa wamefika.

Naandika nimesimama dirishani, mwandiko mbaya. Siwezi kutoka na siwezi kuacha kuangalia. Bodaboda mbili. Sironga kamshusha mama yake kwa mikono miwili. Mzee sana, mwembamba, shanga shingoni, fimbo. Hajaja nyumbani. Hata nyumba hajaitazama! Kaingia moja kwa moja kwenye nyanya, anasukuma miche kwa fimbo, anatembea kama mtu anayejua kila kitu kilipo. Kapita pale penye uwazi. Kasimama.

Loveth yuko upande wa pili wa duara. Kafungua kilemba. Kakivua kabisa, kichwa wazi, kovu lile la upande wa kushoto ambalo mimi nililijua maisha yangu yote kama kovu la uji wa moto.

Bibi kanyoosha mkono. Hasogei. Anangoja tu, mkono uko hewani. Sironga kageukia mtoni, kajifunika uso kwa shuka.

Loveth kapiga hatua. Nyingine. Kasimama.

Nyuma yangu Mama ameketi kitandani, kanga ya kanisani begani, mgongo kwa dirisha. Hajageuka hata mara moja. Ananiuliza: Loveth anaangalia wapi?

Sijamjibu.

Anauliza tena. Hilda, mwanangu, niambie. Anaangalia wapi?

Anaangalia huku.