Yaya, Mama Amesema

Dada yangu mkubwa, yaya Furaha,

Nimechoka, nakwambia ukweli. Risasi zimetulia tangu juzi, lakini usingizi haujarudi, na homa imenishika tena. Nina mimba changa. Ndiyo maana nimekukumbuka kutwa nzima.

Unakumbuka ile vita ya kwanza, barabara ya Sange imefungwa, nawe unatetemeka kwa malaria juu ya mkeka? Nilikusindikiza hadi kwa muuza dawa wa Kasenga, yule aliyekata vidonge kwa mkasi na kukufungia katika karatasi ya daftari. Hakukuuliza kitu. Mimba yako tuliijua mimi na mama tu. Njiani nikakuuliza mbona hukumwambia. Ukanifinya mkono ukicheka: "Weye! Miye nitangaze mimba ingali kidogo hivi? Mama atanipiga!"

Ndivyo mama alivyotulea: mimba haisemwi mpaka ijionyeshe yenyewe, macho ya watu yasije yakaiharibu. Ukavimeza vile vidonge. Siku chache baadaye damu ikaanza, njia ya kukufikisha hospitali hakuna, ukatutoka mikononi. Muuguzi mmoja alituambia hajui kama kilichokuua ni homa au ni dawa. Alisema mjamzito ana dawa zake, lakini anayempa lazima ajue kwanza kwamba ni mjamzito. Tangu hapo mama hajalitaja jina lako, nami nilibaki na hasira naye, hasira ya kuchosha, isiyo na pa kwenda.

Leo amenipeleka kituo cha afya. Benchi lilijaa majirani, wale wale wenye macho. Muuguzi alikuwa ameshaniandalia vidonge. Nikataka kusema, nikawaona wale majirani, nikanyoosha mkono nivipokee. Malezi hayatoki upesi, yaya. Ndipo mama akasimama, kitenge kinamlegea kiunoni, akapaza sauti kama yuko sokoni: "Ngoja kwanza, mama! Huyu mutoto wangu iko na mimba. Umupatie dawa ya mwenye mimba."

Wote wakageuka. Muuguzi akavirudisha vile vidonge, akaniuliza miezi, akachukua vingine. Mama akaketi, akanishika mkono.

"Hata mimba ya Furaha," akanong'ona, "ilifaa niiseme."

Nimemeza dawa, yaya. Mama amejilaza hapa kando yangu, bado hajaniachia mkono. Pumzika sasa, nasi tujaribu kulala.

Mdogo wako, yule uliyemfinya njiani