Punje Moja ya Mwanga

Majanji, Jumanne

Baba Aboth,

Huku tu wazima. Aboth ameota jino, ziwa limetulia, na sangara wanapatikana. Uliniagiza wawili, mmoja wako na mmoja wa mwalimu mwenzako, Joanita. Nimesikia.

Lakini ile siku ya wazazi haijanitoka kichwani. Nilikaa nyuma kabisa katika maabara ya shule yenu hapo Tororo, nikakuona ukilimulika bati la zinki kwa taa kubwa hadi chumba kikapata joto. Vile vijikaratasi vya dhahabu vilivyotanuka chini yake havikutikisika. Kisha Joanita akaja na kataa kadogo kenye mwanga hafifu wa zambarau, na papo hapo vikaanguka.

"Mwanga huja kwa punje," ukawaambia watoto. "Punje dhaifu hata zikija elfu haziing'oi elektroni kwenye bati, na vijikaratasi havianguki. Moja yenye nguvu, kama hii ya zambarau, inatosha."

Watoto walivitazama vijikaratasi. Wewe ulimtazama yeye.

Mimi miaka yote hii nimekumulika. Nimekupikia, nimekufulia, nimekuchagulia mashati soko la Busia. Taa kubwa hiyo, Baba Aboth! Umewahi kutikisika? Yeye kapita na kataa kake tu, nawe ukang'oka.

Nina swali ambalo watoto hawakuuliza: elektroni ikishatoka, hurudije kwenye bati lake? Njoo Jumamosi unijibu kwa mdomo.

Samaki wako nimempa dereva anayekuja huko. Wa Joanita ameliwa na paka. Unajua hatuna paka.

Mkeo bado,
Mama Aboth